Kuhesabu Pamoja
Mazungumzo ya redio kwa jamaa waliohama na wakubwa wa vijiji, Kiambi

 

Leo sitasema juu ya mishale wala bunduki. Nataka kusema juu ya wanafunzi na watafiti vijana waliokutana kuhesabu samaki. Ninajua mama aliyelala chini ya bashe usiku wa mvua ataniuliza: wahesabu samaki watanisaidia nini, mimi niliyeacha muhogo shambani bila kuvuna? Mama, nipe dakika chache, kisha utanihukumu.

Kila mmoja wetu anamjua ndagala. Hapa Kiambi maji yetu ni ya Luvua, yanatoka ziwa Mweru, yanapita Pweto na kushuka mpaka Ankoro. Ndagala ni wa ziwa jingine, Tanganyika, lile la Kalemie. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, na nchi nne zimeligawana: Kongo yetu ina kiasi cha 45 kwa mia, Tanzania kama 41, na sehemu iliyobaki ni ya Burundi na Zambia. Lakini samaki hana karata ya mpiga kura. Leo yuko kwetu, kesho yuko Kigoma. Kwa hiyo samaki walipopungua, kila upande ulikuwa na mtu wa kumlaumu. Wa huku walisema ni wale wa ng'ambo wenye nyavu ndogo na taa nyingi. Wa ng'ambo walisema hivyo hivyo juu ya wa huku. Je, maneno ya namna hii hatuyajui sisi?

Mwaka 1991 wataalamu walikutana Bujumbura katika mkutano wa kimataifa juu ya uhai wa ziwa hilo. Mwaka 1995 ukaanzishwa mpango wa nchi zote nne, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili ziwa lichunguzwe na viongozi wapewe shauri. Sasa kumbukeni ilikuwa miaka gani. Burundi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993. Kwetu vita viliingia 1996, vikaanza upya tarehe 2 Agosti 1998, na mwezi huohuo Kalemie ikaanguka mikononi mwa waasi. Watu wetu walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma, na baadhi yenu mlikuwa ndani ya mitumbwi hiyo, au wazazi wenu walikuwamo.

Katika wakati huo mbaya, watafiti wa Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma na wa Mpulungu walijifunza kazi moja. Walifundishwa kuzama majini wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni, kutambua samaki mmoja mmoja kwa jina, na kuandika hesabu kule kule chini. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Hawakusema kila nchi ihesabu kwa desturi yake halafu tutalinganisha. Walikubaliana kwanza namna ya kuhesabu: vipimo vile vile, majina yale yale, karatasi za mpango mmoja. Mrundi akileta hesabu yake, Mkongomani aliweza kuisoma na kuiamini, kwa sababu alijua imetokana na kazi ileile aliyoifanya yeye. Hesabu haikuwa tena ya Mrundi. Vita viliwafungia sehemu kubwa ya pwani ya Kongo, na ramani yao ikabaki na matundu. Hawakuyajaza kwa kubahatisha.

Mwaka huohuo wa 1998, pale Kigoma, ulianza mpango mwingine ulioitwa Nyanza, chini ya Chuo Kikuu cha Arizona cha Marekani. Kwa miaka kadhaa, kila kiangazi, vijana wa Kimarekani na wenzao wa Afrika walikaa hapo kwa wiki nyingi, wakala pamoja na kutoka majini pamoja. Mmoja anashusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane tena, ili ajue maji yana uchafu kiasi gani. Mwingine anachimba tope la chini. Wengine wanahesabu konokono juu ya mawe. Jioni wanabishana. Nadhani kubishana huko kulikuwa na faida kuliko masomo mengine, maana mtu aliyebishana nawe juu ya konokono mpaka saa nne za usiku si rahisi kumwita nyoka kesho yake.

Walipata nini? Watafiti walikuwa wameshaanza kuonyesha, tangu mapema miaka ya 1990, kwamba mahali vilima vilipokatwa miti, udongo unashuka na mvua, unafunika mawe yaliyo chini ya maji, na viumbe wanaoishi kwenye mawe hayo wanapungua. Maana yake mvuvi hakuwa mwenye kosa peke yake. Mlimaji wa mlimani, ambaye pengine hajawahi kushika ndoana, naye yumo katika habari ya samaki.

Kisha mwaka 2003 likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Catherine O'Reilly, Mmarekani aliyekuwa amefanya utafiti wa masomo yake ziwani humo, alitoa pamoja na wenzake maelezo katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Chakula cha samaki kiko chini kabisa kwenye maji ya baridi, na upepo wa kiangazi ndio unaokichota na kukipandisha. Lakini dunia inapata joto. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Wao walikadiria kwamba chakula kinachoota ndani ya ziwa kilipungua kiasi cha 20 kwa mia, na hilo lingeweza kuwapunguza samaki kwa 30 kwa mia hivi. Kumbe watu wa ng'ambo mbili walikuwa wanalaumiana, na sehemu ya kosa iko katika moshi wa viwanda vya mbali ambavyo hawajawahi kuviona!

Sitawadanganya kwamba wataalamu wote walikubali. Wengine walijibu kwamba nyavu nyingi ndizo zenye uzito zaidi. Wakaandikiana, wakapingana hadharani. Lakini walipingana juu ya hesabu, na kila mmoja aliweza kufungua daftari la mwenzake.

Madaftari hayo yalifika wapi? Mpango wa nchi nne ulipomalizika mwaka 2000, uliacha mezani maandishi ya mapatano yaliyo tayari kuzungumzwa. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, nchi zote nne zikatia sahihi Mkataba wa Ziwa Tanganyika. Tazameni kalenda: serikali yetu ya mpito, ile iliyowaweka pamoja waliokuwa wakipigana, iliwekwa tarehe 30 Juni 2003. Mkataba wa ziwa uliitangulia kwa siku kumi na nane. Burundi bado ilikuwa na watu wenye silaha milimani. Mkataba huo unaitaka nchi yenye kutaka kufanya kazi inayoweza kudhuru ziwa iwaarifu wenzake kwanza, kabla ya kuanza. Baadaye, mwaka 2008, ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, na wavuvi walilalamika, kwa haki, kwamba tumbo halifungwi miezi mitatu. Kwa hiyo msifikiri kila kitu kimetengenezwa. Mkataba haukuzima vita, wala haukujaza nyavu.

Njia hiyo si ya ziwa letu tu. Mwaka 1957, Wamarekani na Warusi walipokuwa wakitishana kwa mabomu ya atomiki, wanasayansi 22 wa pande zote walikutana katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Pugwash, huko Kanada. Mmoja wao, Joseph Rotblat, aliendelea na kazi hiyo mpaka uzee, na mwaka 1995 yeye na umoja wa Pugwash wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Sasa turudi Kiambi. Nataka kuwaambia jambo langu mwenyewe, na si jambo la kujisifia.

Mimi ni Muluba. Miaka ya nyuma, watu walipokuwa wamekimbilia kando ya barabara, niliajiriwa siku chache kuandika majina ya jamaa wanaohitaji bashe, sabuni na sufuria. Nilikuwa na kalamu nzuri na haraka nyingi. Kambi ya Baluba niliipita nyumba kwa nyumba. Kambi ya Batwa ilikuwa mbali kidogo, jua lilikuwa kali, na niliogopa, nikubali ukweli huo. Nilimwuliza mtu mmoja njiani, naye Muluba kama mimi: kule wako jamaa wangapi? Akasema, kama arobaini. Nikaandika arobaini. Siku ya kugawa zilitokea jamaa zaidi ya tisini. Ugomvi uliozuka mnaweza kuuona kwa macho ya moyo. Watu walivutana mashati, mama mmoja Mbatwa mwenye mtoto mchanga akalala nje kwenye mvua, na mzee wao akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Mwanangu, wewe hukutuhesabu, ulitukisia."

Sikumpiga mtu. Sikuchoma nyumba. Lakini orodha yangu ilikuwa kuni.

Tunajua sote yaliyotupata tangu 2013, na moto uliorudi 2016 na 2017. Tunakumbuka jinsi mwaka 2016 hata ushuru wa viwavi ulivyokuwa moja ya cheche. Wenye mashamba wanasema, Batwa wanaingia mashambani mwetu. Batwa wanasema, pori letu mmelifanya mashamba, na chefu wa kutusemea hatuna. Kila upande una hesabu yake kichwani: nyumba zangu ngapi ziliungua, watu wangu wangapi walikufa. Hesabu ya upande wa pili tunaiita uongo kabla ya kuisikia.

Kwa hiyo ombi langu kwa machefu na kwa wajumbe wa baraza za amani ni dogo. Kabla jamaa hawajarudi vijijini, tafuteni vijana wawili wawili, Muluba na Mbatwa, wasichana wawemo. Mwalimu kijana, mwuguzi, aliyesoma kilimo, hata yule asiyejua kuandika lakini anajua kila njia ya pori. Msiseme Batwa hawakusoma. Anayejua mti na mnyama kwa jina ana elimu ambayo wale wazamaji wa ziwani walihitaji miezi kuipata. Waketi kwanza wakubaliane maneno: nyumba ni nini, jamaa ni nini, shamba lililolala tangu mwaka gani bado lina mwenyewe. Hapo watabishana sana, msiwakatize. Kisha waende pamoja, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima, wakiandika katika daftari moja. Mahali wasipoweza kufika, waandike kwamba hawakufika. Na mwisho wa kila ukurasa mikono miwili itie alama, wa wino au wa dole gumba.

Na ninyi wakubwa, daftari likifika kwenu, msilifungie sandukuni. Lisomwe kwa sauti barazani, pande zote zikiwapo, kabla ya kupima mpaka wa shamba au kutoza ushuru wowote. Anayetaka kufungua shamba jipya kando ya pori awaarifu jirani kwanza, kama nchi zile nne zilivyoahidiana juu ya ziwa.

Gharama ni daftari, kalamu mbili na siku za kutembea. Chakula cha vijana hao njiani ni juu yenu, muhogo na mboga vinatosha. Nawaomba muanze kabla ya mvua za kupanda, maana jembe likishaingia udongoni, kila mtu atasema hapa ni pangu.

Mama wa bashe, nimemaliza dakika zangu. Mlio na jibu, au mnaopinga niliyosema, tuandikieni, au mtume mtu aje kusema hapa kituoni. Barua za Batwa na za Baluba zitasomwa siku moja, katika kipindi kimoja.