Kioo Kikuukuu na Kompyuta Mpya

Shauri nililo nalo jioni hii ni dogo kwa umbo, ila gharama yake si ndogo. Mwenye steshenari, ambaye kwa miaka mingi amewachapia wanakijiji barua zao, mihtasari ya vikao na maombi ya kazi kwa kompyuta ile ile ya mtumba, hatimaye hujaliwa kununua mashine mpya; naye akiisha kuifikisha kutoka Morogoro mjini au Kariakoo, na kuiweka mezani kando ya kioo chake cha zamani, huona kwamba waya wa kioo, ule wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili za kukazia, hauna pa kuingia. Akiuliza, jawabu apewalo aghalabu ni moja: nunua na kioo kipya. Mimi nasema jawabu hilo ni israfu.

Kichwa kile cha buluu huitwa VGA, nacho kilitoka kwa kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1987. Kina nafasi za pini 15 katika safu tatu, na ukiona moja ya safu ya kati haipo usishtuke, maana waya nyingi hutoka kiwandani hivyo hivyo. Ndani yake picha husafiri kama mawimbi ya umeme yapandayo na kushuka, wekundu kwa njia yake, kijani kwa njia yake na buluu kwa njia yake. Ilhali kompyuta za leo huipeleka picha kwa tarakimu, kupitia tundu la HDMI lililoanza mwaka 2002, au la DisplayPort lililokuja mwaka 2006. Mwezi wa Desemba 2010 Intel na AMD, pamoja na watengenezaji kama Dell, Lenovo, Samsung na LG, walitangaza kuwa VGA wataiacha ifikapo mwaka 2015. Basi sisi, ambao mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na baadaye tukaja kuzipokea, tena nyingi zikiwa zimekwisha tumika ughaibuni, tunatakiwa leo tuviache vioo hivyo vingali vizima, kwa sababu tu tundu limebadilika.

Wala mkasa huu si mgeni kwetu. Tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu, watu hawakuzitupa televisheni zao. Walinunua kingamuzi, kikawa kinapokea tarakimu upande mmoja na kutoa upande wa pili picha ambayo televisheni ya zamani huifahamu. Kazi hiyo hiyo ndiyo ifanywayo na adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, ambayo si kipande cha waya tu, bali mna kijisahani cha elektroniki ndani yake, kinachojipatia umeme wake kutoka katika tundu lenyewe la kompyuta.

Hapa ndipo penye kuhitaji tahadhari. Adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI hufanana na hii kwa sura na huwekwa nayo kabati moja, lakini kazi yake ni kinyume chake, na aliyeinunua kwa kukosea hukaa akitazama kioo cheusi huku akiilaumu kompyuta isiyo na kosa. Tena VGA haibebi sauti. Atakaye kusikia na aunganishe spika kwenye kompyuta, au achague adapta yenye kitundu cha sauti ubavuni. Na kabla ya kununua chochote, kigeuze kioo ukitazame mgongoni, kwani vioo bapa vingi vya zamani vina tundu la pili, jeupe aghalabu, liitwalo DVI, lililobuniwa mwaka 1999. Hilo hufahamu tarakimu tangu mwanzo, na waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI hulitosheleza bila kigeuzi chochote, herufi zikatoka zimekolea kuliko kwa njia ya VGA.

Picha ikionekana imebanwa kwa mapana, nyuso zikawa nyembamba na ndefu, si ugonjwa. Kioo cha inchi 17 cha zamani hizo kwa kawaida kina nukta 1280 kwa 1024, yaani kinakaribia mraba, na kompyuta mpya hupendelea 1920 kwa 1080. Ingia kwenye mipangilio ya kioo, uchague 1280 kwa 1024 na mizunguko 60, mambo yatanyooka. Kioo kikiandika kwamba kipimo kimepita uwezo wake, dawa ni hiyo hiyo. Nami nathubutu kusema kwamba kwa kuchapa barua umbo lile la kale ni bora, kwa kuwa ukurasa wa karatasi umesimama wima, na kile kioo kipana cha kisasa huacha pembeni uwanja mtupu usio na faida kwa mchapaji. Atazamaye filamu na mpira ana haki ya kukitamani.

Ama kioo kile cha chogo, chenye mgongo mrefu kama televisheni za zamani, sikitetei. Adapta ile ile itakiwasha, ni kweli, lakini chogo la inchi 17 hula wati 80 hivi, zaidi ya maradufu ya kioo bapa cha kimo chake, na mwenye kununua umeme wa LUKU kwa elfu mbili mbili ataiona tofauti kabla ya mwezi kuandama. Fauka ya hayo, kioo chake kizito kimechanganywa na madini ya risasi, kwa hiyo kisivunjwe wala kutupwa korongoni ambako mvua za masika hushuka na kila kitu hadi mashambani. Na asiye fundi asilifungue kwa kutafuta shaba, kwa maana ndani ya chogo hubaki umeme mkali wa kumtupa mtu, hata likiwa limekwisha chomolewa ukutani.