Dada Yetu Yuko Mbele, Lakini Tumemkagua?



Ndugu zangu na dada zangu, haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa Kitui na Makueni baada ya swala ya Alasiri. Nimeyaandika kwa sababu wengi mliyaomba, na wengine mko Mwingi na Mtito Andei huko, hamkuweza kufika. Nimeyaacha karibu yalivyokuwa. Ukiona mahali naruka, nisamehe, ndivyo nilivyoongea.

Nianze na ugomvi. Kabla sijashika maikrofoni, vijana wawili walikuwa wanavutana pale nje kwenye viatu. Mmoja anamuunga mkono mama fulani anayetafuta tiketi ya chama kwa uchaguzi wa 2027. Jina silitaji, sisi hatumpigii mtu debe. Mwenzake akamuuliza, sawa, yuko mbele, kila mtu anasema yuko mbele, lakini akishapata tiketi wapinzani wake watamshika wapi? Yule wa kwanza akawaka. Akasema, "Wewe unamchafua dada yetu. Hiyo ni ghiba. Ngoja kwanza apite mchujo."

Nilikuwa nimekuja na mada nyingine kabisa. Nikaiweka kando. Nataka tuongee kuhusu hilo neno, "ngoja kwanza apite mchujo", kwa sababu limeshaumiza watu hapa hapa Ukambani, na nitawaonyesha.

Lakini kwanza tumalize hili la ghiba, maana naona linawasumbua wengi, na ni jambo zuri kwamba linawasumbua. Kuna hadithi katika Sahih Muslim ya Fatima bint Qays, radhi za Allah ziwe juu yake. Alipomaliza eda, watu wawili wakamposa, Muawiya na Abu Jahm. Akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka ushauri. Hakuambiwa "wote ni ndugu zako, chagua tu". Aliambiwa wazi kwamba mmoja hana mali, na mwingine fimbo haishuki begani mwake. Kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Sasa fikiria, hawa ni maswahaba! Aibu zao zimetajwa, kwa sababu kuna mtu anataka kufunga nao mkataba na ana haki ya kujua. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameeleza hali sita ambazo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na kuwaonya watu na kuwapa nasaha ni mojawapo. Na maulamaa wa hadithi nao walijenga elimu nzima, jarh na taadili, ya kumkagua kila mpokezi: kumbukumbu yake iko vipi, alikutana kweli na huyo anayesema amemsikia? Hawakungoja hadithi isambae ndio waulize.

Kura nayo ni ushahidi. Unasimama unasema, huyu namjua, anafaa. Utashuhudia vipi kwa mtu ambaye umekataza asiulizwe?

Haya. Sasa Makueni, 2013.

Wengi wenu mlikuwa watoto, kwa hivyo nitaieleza taratibu. Machi 2013, baada ya uchaguzi mkuu, kulikuwa na kesi Mahakama ya Juu ya kupinga matokeo ya urais. Ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, nchi nzima imekaa inatazama. Shirika la AfriCOG lilikuwa mmoja wa walalamishi, na wakili aliyesimama kwa niaba yao alikuwa mwanamke kijana, Kethi Kilonzo. Alizungumza kwa utulivu, hoja baada ya hoja, na sehemu kubwa ya hoja zake ilihusu sajili ya wapiga kura: kwamba hesabu za sajili hazikulingana. Kesi ilitupwa tarehe 30 Machi. Lakini yeye alitoka pale akiwa na jina kubwa. Watu waliokuwa hawajawahi kumsikia walikuwa wanamtaja kwenye matatu.

Mwezi haujaisha, tarehe 27 Aprili, baba yake akafariki. Mutula Kilonzo, seneta wa Makueni, aliyechaguliwa kwa tiketi ya Wiper wiki chache tu kabla. Kiti kikabaki wazi. Na nani angefaa kama si huyu binti? Ana jina la baba, ana elimu, nchi imemwona, chama ndicho chenye ngome. Wiper ikamkabidhi tiketi. Upande wa pili alikuwepo Profesa Philip Kaloki wa Narc, akiungwa mkono na Jubilee, na katika Makueni ile ya 2013 Narc na Jubilee walikuwa wanapanda mlima. Yaani kwa hesabu za watu, kazi ilikuwa imeisha. Ukiwa na tiketi ya Wiper Makueni wakati ule, wewe unasubiri kuapishwa tu.

Kisha likaja swali moja. Wewe mwenyewe umesajiliwa kama mpiga kura?

Katiba, ibara ya 99, inasema mtu anayetaka kuchaguliwa kuwa mbunge, na seneta ni mbunge, lazima awe amesajiliwa kama mpiga kura. Malalamishi yakafikishwa mbele ya kamati ya kutatua mizozo ya IEBC. Yeye akasema amejiandikisha, na akatoa stakabadhi. Tume ikasema jina lake halimo kwenye sajili. Julai 2013 kamati ikafuta uteuzi wake. Akaenda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu nayo ikakubaliana na kamati. Siku za kura zimebaki za kuhesabu kwa vidole.

Simletei mtu hukumu hapa. Kuna waliosema na wanaosema hadi leo kwamba alionewa, kwamba walimlipiza ile kesi ya urais. Inawezekana una maoni yako. Mimi nachosema ni kidogo kuliko hicho. Wakili aliyeifundisha Kenya nzima umuhimu wa sajili alizuiwa kugombea kwa sababu ya sajili. Na swali lililomzuia halikuwa la siri. Halikuhitaji mpelelezi. Mtu yeyote katika kambi yake, mtu anayempenda, angeweza kumwambia Mei ile, "Dada, hebu tuangalie jina lako kwenye sajili leo, kabla hatujachapisha bango hata moja." Kama lipo, alhamdulillahi, tunakuwa na jibu mkononi. Kama halipo, tunajua mapema. Sijui kama kuna aliyemwambia. Najua tu kwamba aliyeuliza kwa sauti alikuwa mpinzani, na aliuliza wakati ambao muda wa kujibu ulikuwa umekwisha.

Chama hakikupoteza kiti. Wiper wakamleta kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, na tarehe 26 Julai akashinda kwa kishindo, zaidi ya kura 150,000. Baadaye, 2022, akawa gavana wa Makueni. Chama kilikuwa sawa, jamaa walikuwa sawa. Aliyekosa ni yeye. Na tusisahau, katika uchaguzi mkuu wa 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa seneta Kenya nzima. Angekuwa wa kwanza. Ikabidi tungoje mpaka 2017, na mmoja wa wale watatu wa kwanza alikuwa Muislamu mwenzetu, Fatuma Dullo wa Isiolo. Dada zangu mlioketi kule nyuma, hilo liandikeni.

Sasa kuna mtu ataniambia, hiyo ilikuwa ajali, haitokei mara mbili. Sawa. Tuje Kitui basi, maana Kitui inatufundisha upande mwingine.

Mama Charity Ngilu mnamjua. Mbunge wa Kitui ya Kati tangu 1992, na 1997 aligombea urais, yeye na Wangari Maathai, wanawake wa kwanza kufanya hivyo Kenya. Hiyo Narc niliyoitaja, ni chama chake. 2013 aligombea useneta wa Kitui, akaangushwa na David Musila wa Wiper. Kila mtu akasema, ona, nje ya Wiper huwezi. 2017 akarudi, safari hii ugavana, tena kwa Narc. Wiper walikuwa na gavana aliyeko kitini, Julius Malombe, na walikuwa na Musila, mwenyekiti wa chama chenyewe, naye anautaka ugavana. Wakaingia mchujo. Malombe akapata tiketi. Musila hakukubali, akatoka kwenye chama, akaingia debeni kama mgombea huru. Nyumba moja, wagombea wawili, na Mama Ngilu akapita katikati. Akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake, pamoja na Joyce Laboso wa Bomet na Anne Waiguru wa Kirinyaga.

Malombe alikuwa mbele kwenye mchujo. Alikuwa mbele kweli, alishinda. Udhaifu wake mkubwa siku ya kura ulizaliwa kwenye mchujo wenyewe: yule aliyemshinda hakuenda nyumbani. Kwa hivyo ukiniambia mgombea wako anaongoza ndani ya chama, mimi nitakuuliza, na huyo wa pili anasemaje? Mmeshaenda kwake? Ama mnamtukana kwenye Facebook usiku kucha, halafu Agosti mtamhitaji?

Mama Ngilu naye akiwa gavana alipiga marufuku biashara ya makaa. Ukiuliza mtu wa mazingira atakwambia alifanya vizuri sana, Kitui inageuka jangwa. Ukiuliza jamaa aliyekuwa anasomesha watoto kwa gunia la makaa, jibu ni lingine. Mimi mwenyewe nadhani alikuwa na haki kuhusu miti na alikwenda haraka kuhusu watu. 2022 alijiondoa kabla ya siku ya kura, na Malombe akarudi. Malombe sasa yuko kwenye muhula wake wa pili, kwa hivyo 2027 kiti cha Kitui kiko wazi, ndiyo maana kelele zimeanza mapema.

Nirudi kwa wale vijana wawili wa viatuni. Yule aliyeuliza swali nilimwuliza baadaye, wewe ulitaka kusema nini hasa kuhusu huyo mama? Akasita kidogo. Akasema, "Watu wanasema ameolewa nje, siyo wa hapa." Nikamwambia, hapo sasa ndugu yangu umeteleza. Hilo siyo kosa lake, hilo ni chuki ya watu kwa mwanamke, na mwanamume anayeoa nje hakuna anayemuuliza. Lazima tujifunze kutenganisha. Kuna udhaifu ambao ni wake: karatasi zake, pesa alizosimamia, ahadi alizovunja, waliomkasirikia na sababu zao. Huo tumuulize mbele yake bila kuogopa. Na kuna maneno ambayo wapinzani watayatumia kwa sababu yeye ni mwanamke, au kesho kwa sababu mgombea ni Muislamu. Hayo pia tuyajue mapema, lakini tunayajua ili tumkinge. Tusiwe sisi ndio tunayabeba kuyapeleka sokoni.

Na sisi wenyewe? Waislamu wa Kitui na Makueni ni wachache, hilo halifichiki. Tuko mjini Kitui, tuko Mwingi kwenye barabara ya Garissa, tuko Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, tangu enzi za misafara na reli. Kwenye uchaguzi mkuu wa kaunti kura zetu zinamezwa. Lakini mchujo wa wadi wanatokea watu wachache, na wachache waliojipanga wanasikika. Hapo ndipo maswali yetu yana nguvu. Tukingoja mchujo upite, tumengoja mpaka sauti yetu imeisha bei.

Lakini huwezi kumwambia dada "leta karatasi zako" na wewe huna. Nani hapa ana miaka 18 na zaidi na hana kitambulisho? (Mikono iliinuka. Mingi kuliko nilivyotaka.) Najua sababu. Jina lako ni Abdi ama Halima, unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, leta shahidi, rudi wiki ijayo. Februari 2025 rais alitangaza kule Wajir kwamba ule ukaguzi wa ziada umeondolewa. Ukiulizwa bado, usirudi nyumbani ukanyamaza. Andika tarehe, andika ulichoambiwa, tuletee. Bila kitambulisho huingii sajili ya IEBC, na bila sajili huwezi kupiga kura, wala kugombea hata u-MCA.

Uandikishaji ulifunguliwa tena Septemba 2025. Mlio na kitambulisho, msiniambie mlijiandikisha 2022 basi yameisha. Nendeni mkaangalie kama jina lipo, limeandikwa sawasawa, na liko kituo gani. Stakabadhi ya mfukoni haitoshi, mmesikia ya Makueni.

Nilipofika hapo nikakabidhi maikrofoni kwa maswali. Wa kwanza alikuwa yule kijana aliyesema ghiba. Aliuliza ataanza vipi kumwuliza huyo mama kama amesajiliwa bila kuonekana amegeuka. Nikamwambia aanze na jina lake mwenyewe, alitafute kwenye sajili, kisha aende kwake akamwambie, "Mama, mimi nimeangalia langu. Tuangalie na lako?"