Nusu kwa Nusu: Ajira, Ubia na Maridhiano Kaskazini mwa Pemba



Nimeombwa nizungumzie mchango wa wawekezaji katika maridhiano yetu, hasa kwa njia ya ajira na mafunzo kwa wenyeji. Historia ya maridhiano sitaikariri mbele yenu, watu wa Konde. Muafaka wa 1999 baina ya CCM na CUF, damu iliyomwagika kwenye maandamano ya Januari 2001 na ndugu zetu waliovuka hadi Shimoni, Kenya, Muafaka wa pili Oktoba mwaka huo huo, Rais Karume na Maalim Seif wa CUF kupeana mkono Novemba 2009, kura ya maoni ya 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa iliyopita kwa asilimia 66.4: yote hayo mnayajua. Na jimbo hili lina ukurasa wake. Julai 2021 mgombea wa CCM alitangazwa mshindi wa uchaguzi mdogo, akaachia ubunge kabla ya kuapishwa, uchaguzi ukarudiwa Oktoba na ACT-Wazalendo wakakichukua kiti.

Kilichonileta hapa ni kauli moja ambayo nimeisikia katika warsha nyingi mno: kwamba Mpemba hataki kazi ya kuajiriwa. Eti dini na mila zinamzuia, eti amezoea kujitegemea, na ndiyo sababu hoteli zinachukua watu kutoka Bara na Kenya. Kwa hiyo, wanasema, tusizipe kampuni mzigo wa maridhiano. Hayo tuwaachie wanasiasa.

Kauli hii sitaki kuipita juujuu, kwa sababu imeshawanyima kazi watoto wa watu.

Meneja mmoja wa hoteli, si wa mkoa huu, alinieleza mwenyewe kwamba vijana wa kijiji jirani aliwajaribu wakamshinda. Nikamuuliza aliwapa kazi gani. Ulinzi wa getini na kufyeka majani. Walifundishwa nini? Hakuna. Zamu ikiisha saa nne usiku wanarudi vipi kwao? Kwa miguu. Na sala ya Ijumaa? Akanyamaza. Jioni ile nilikwenda kijijini nikamkuta mmoja wa vijana hao barazani akishona wavu. Aliniambia hakuacha kazi kwa sababu ya dini. Alipiga hesabu akaona nauli na chakula vinakula nusu ya mshahara, na bahari inampa zaidi.

Huyo ndiye “asiyetaka kazi” wa warsha zetu.

Tazameni anakofanya kazi Mpemba. Yuko Kariakoo, Tanga na Mombasa nyuma ya kaunta za maduka, anafungua alfajiri na kufunga usiku. Wavuvi wetu wanakwenda dago, wanalala ufukweni mbali na watoto wao msimu mzima. Wapo waliohamia pwani ya Kenya vizazi kadhaa nyuma wakabaki bila uraia, hadi 2023 serikali ya huko ilipowatambua rasmi. Watu wa namna hiyo ukisema hawataki kazi, umeshindwa kuwatazama.

Tazameni pia mwani. Kilimo chake cha biashara kilipoingia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake walikikimbilia. Dini ilikuwa ile ile, mila zile zile. Mama anashuka pwani bamvua linapotoa maji, anafunga mbegu kwenye kamba iliyokazwa baina ya vigingi, anarudi kabla bahari haijajaa. Saa zake anazijua, na mzigo uliokauka anaona ni wake. Kasoro iko penginepo. Mara nyingi kamba hutolewa na kampuni, kampuni hiyo hiyo ndiyo mnunuzi, na bei inapanga yenyewe. Maji yalipozidi joto, mwani aina ya kotonii wenye bei nzuri ukafa, hasara ikabaki kwa mama peke yake.

Swali hili la nani anamiliki nini ndilo linalonikumbusha mwanaanthropolojia John Middleton. Kitabu chake kuhusu umiliki wa ardhi Zanzibar kilichapishwa London mwaka 1961, na mimi nakirudia kama wengine wanavyorudia riwaya. Kiliandikwa kwa ajili ya serikali ya kikoloni, lakini kina subira ya mtu aliyekaa na wakulima akawasikiliza. Anatuonyesha jambo ambalo mwekezaji wa leo na mwanasheria wake hawaelekei kulielewa: kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mkarafuu unaweza kuuzwa, kurithiwa au kuwekwa rehani huku ardhi ikibaki mahali pake. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kijiji hakitulii kinapoambiwa kwamba mkataba mmoja umechukua kila kitu kuanzia barabara hadi majini.

Na wanahistoria wa karafuu wanaeleza mpango uliokuwapo Pemba karne ya kumi na tisa. Mwenyeji alisafisha msitu na kupanda mikarafuu kwa makubaliano na mgeni, na shamba lilipokomaa wakagawana nusu kwa nusu. Kimbunga cha 1872 kilipoivunja mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo, na mikarafuu mingi ilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Sisemi zama zile zilikuwa njema. Utumwa ulikuwepo hadi ulipofutwa kisheria 1897. Madeni na rehani viliwala wenye mashamba, na baadaye serikali ikawa mnunuzi pekee aliyempa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia. Mchumaji wa karafuu analipwa kwa pishi, usiku anachambua makonyo kwa taa, asubuhi anaanika jamvini. Malipo yake hayajawahi kulingana na jasho lake. Nimeyapima yote haya, na bado naamini fungu ni bora kuliko kibarua.

Wanaosema kampuni zisipewe mzigo wa maridhiano watazame Australia: tangu 2006 wenzetu wana kampuni zinazoandika mipango ya maridhiano na kuahidi ajira kwa wenyeji wa asili. Ni hatua. Lakini ahadi ya nafasi za kazi haisemi nani atakuwa meneja baada ya miaka kumi, wala nani ana hisa. Sisi mwaka 2010 tuligawana uwaziri kwa hesabu ya viti na tukaliandika hilo kwenye Katiba. Mapato ya ufukwe hatukuyagusa.

Micheweni imetengwa kuwa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990, na barabara ya kwenda ufukwe wa Kigomasha inapita hapa Konde kabla ya kuingia msitu wa Ngezi. Kila mkataba utakaosainiwa huko uandikwe Kiswahili na usomwe mbele ya shehia. Utaje hisa za kijiji. Utaje vijana wangapi watasomeshwa katika chuo cha amali Vitongoji kwa gharama ya mwekezaji kabla jengo halijaisha, na vyeo watakavyopewa wakimaliza. Uweke gari la zamu ya usiku na saa ya sala ya Ijumaa. Na mwekezaji atakayesema wenyeji hawataki kazi, sheha amtake kwanza aonyeshe kazi aliyowapa na mshahara aliowalipa.