Slaidi ya Saba: Masomo ya Jumla katika Chuo cha Miaka Miwili



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu nilikusudia kuzungumzia historia ya mitihani, na tangazo lilikwisha kubandikwa ubaoni. Katikati ya maandalizi nikaalikwa kwenye warsha ya mapitio ya mitaala. Pale akasimama mtaalamu mmoja, msomi ninayemheshimu na ambaye sitamtaja, akiwa na slaidi kumi na mbili. Slaidi ya saba ndiyo iliyonivurugia mhadhara. Ilisema kwamba stashahada ya miaka miwili ifundishe kazi tu. Stadi za Mawasiliano, Taaluma za Maendeleo (DS) na ndugu zao wote waondolewe, na saa zao zipewe karakana. Chini kabisa, kwa herufi za mlazo, ilimalizia: kama wanavyofanya Marekani.

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi niliandika pembeni mwa daftari, "Marekani ipi?" Usiku huo sikulala vizuri, na mke wangu ni shahidi.

Hoja ya mtaalamu yule nitaieleza kwa haki kabla ya kuigusa. Katika mfumo wetu wa tuzo za ufundi hapa Tanzania, krediti moja ni saa kumi za kujifunza. Moduli ya krediti 9, basi, ni saa 90. Ukiwa na moduli nne za namna hiyo zisizogusa bisibisi wala bomba la sindano, umeondoa saa 360 katika maisha ya kijana ambaye mama yake ameuza mbuzi ili asome. Mwajiri analalamika kwamba mhitimu hajui kufunga mota. Mwanafunzi naye analalamika kwamba amesapu DS huku masomo ya fani amepata alama za juu. Nani basi anayafaidi masomo haya, kama si walimu wanaoyafundisha? Swali hilo lina uzito, na mimi ni mmoja wa walimu hao, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari.

Tuanze na Marekani, maana ndiko alikotupeleka mwenyewe.

Shahada ya miaka miwili katika vyuo vya jamii vya nchi hiyo kwa kawaida ni krediti 60 za muhula. Chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo vya majimbo ya kusini, SACSCOC, hakikubali shahada hiyo kama haina angalau krediti 15 za masomo ya jumla. Krediti hizo hazichaguliwi kiholela. Lazima liwepo somo la upande wa fasihi, falsafa au sanaa, jingine la sayansi ya jamii, na jingine la sayansi asilia au hisabati. Hiyo ni robo nzima ya shahada, na ndicho kima cha chini, kinachomhusu hata anayesomea ufundi. Anayekusudia kuhamia chuo kikuu hubeba mzigo mkubwa zaidi: Florida anatakiwa krediti 36 kati ya 60, na Texas krediti 42, zikiwemo 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali na siasa. Texas, ndugu zangu, jimbo la visima vya mafuta na ng'ombe! Huwezi kuwatuhumu watu wa Texas kwamba wanapenda mashairi kupita kiasi.

Nadhani najua mwenzetu alijikwaa wapi. Vyuo hivyohivyo vya jamii hutoa pia vyeti vifupi: kuchomelea vyuma, kuendesha lori, kutoa damu maabara. Hivyo ndivyo vinavyofundisha kazi tu, vingine kwa miezi michache, na havijiiti shahada. Aliona cheti akadhani ni shahada, sawa na mtu aliyeingia nyumba kwa mlango wa jiko akarudi kusimulia kwamba nyumba nzima ni jiko.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na kitabu ninachokipenda. Historia ya mwanzo ya vyuo hivi vya jamii nitaipitia mbio: Joliet, Illinois, mwaka 1901, wanafunzi sita, wazo la William Rainey Harper wa Chuo Kikuu cha Chicago na J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya Joliet. Kitabu ninachokisema kilikuja baadaye. Julai 1946 Rais Harry Truman aliunda tume ya watu 28 chini ya George F. Zook iangalie elimu ya juu. Ripoti yake ilianza kutoka Desemba 1947, juzuu sita. Wengi huitaja kwa sababu ndiyo iliyolieneza jina la chuo cha jamii. Mimi nina nakala ya juzuu ya kwanza, imechakaa hadi jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, na huisoma kama wengine wasomavyo riwaya.

Fikirieni wakati wenyewe. Vita vimekwisha, mamilioni ya askari wamerudi wakiwa na haki ya kusomeshwa na serikali, viwanda vinataka mafundi. Kama kuna siku ambayo taifa lingeweza kusamehewa kwa kusema "fundisheni kazi tu", ilikuwa siku hiyo. Tume haikusema hivyo. Ilichukua takwimu za mtihani wa uwezo waliopewa askari, ikakadiria kwamba angalau asilimia 49 ya Wamarekani wanaweza kumaliza miaka 14 ya shule, yaani sekondari na miwili juu yake. Ikataka miaka hiyo miwili isilipiwe ada. Kisha ikauliza wafundishwe nini watu wengi namna hiyo, na jibu lake ni orodha ya malengo kumi na moja ya elimu ya jumla: maadili, uraia, kuwaelewa watu wa mataifa mengine, kufikiri kisayansi, kuandika na kuzungumza kwa kueleweka, afya, fasihi na sanaa, maisha ya familia, hata kuchagua kazi inayomfaa mtu. Kuchagua kazi! Tume iliiweka kazi ndani ya elimu ya jumla. Haikuona ukuta kati ya karakana na darasa.

Juzuu ya pili ina jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Tume ilipendekeza ubaguzi wa rangi katika elimu ukomeshwe, miaka saba kabla ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyoupiga marufuku shuleni. Wajumbe wanne walikataa na wakataka kukataa kwao kuchapwe. Nayaweka mambo hayo mawili, elimu ya jumla na ubaguzi, pamoja kwa makusudi, maana swali la nani anasoma haliachani na swali la anasomeshwa nini.

Na hapa ndipo slaidi ya saba inaponiudhi hasa. Mwenzetu aliileta kama habari mpya, ilhali ilikwisha fika Tanganyika mwaka 1924, tena kutoka hukohuko Marekani. Ililetwa na Tume ya Phelps-Stokes iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, mtu aliyewahi kufanya kazi Hampton, chuo cha weusi kilichosifika kwa kuwafundisha kilimo na useremala. Aggrey, msomi wa Gold Coast, alikuwa mjumbe. Wakapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja na kwingineko, na ushauri wao kwa wakoloni ulikuwa kwamba Mwafrika afundishwe kinachofanana na maisha yake: shamba, jembe, usafi, ufundi mdogo. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes kule Kabete kwa mtindo huo. Ushauri ule ulikuwa na wema ndani yake, siukatai. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, lakini aliona kilichofichwa nyuma yake, akamshambulia Jones waziwazi: nani amekipima kimo cha maisha ya mtu huyu, hata akajua elimu gani inamtosha?

Swali hilo bado liko hai. Watoto wa wale waliopiga makofi katika warsha hawatasoma stashahada ya kazi tu. Watasoma historia, uchumi na falsafa, wengine ng'ambo. Hata slaidi zenyewe zilipangwa kwa ufundi, hoja ikizaa hoja, na sidhani kama ufundi huo aliupata kwenye mashine ya kukereza.

Historia ya somo la DS kwetu siirudii. Wenzangu mnaijua tangu kasheshe ya wanafunzi ya Oktoba 1966, waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, hadi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipolipatia somo hilo taasisi yake mwaka 1973. Mkitaka kubishana juu ya Mwalimu Nyerere tutabishana kwenye chai.

Nina kisa, na kisa chenyewe hakinisaidii sana. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamivu huko Marekani nilijitafutia nauli kwa kufundisha Kiswahili jioni katika chuo kimoja cha miaka miwili. Darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja: wauguzi, dereva wa basi, kijana wa duka la simu. Mmoja alikuwa fundi viyoyozi, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyekuja na harufu ya gesi kwenye koti lake. Alihitaji somo la lugha ili ajaze krediti, na la Kihispania lilikuwa limejaa. Hivyo ndivyo tulivyompata. Wiki ya tatu aliuliza kwa nini kiti, kijiko na kiatu vinakwenda pamoja, na mti na mto navyo pamoja, na kama yupo mtu aliyekaa chini akavipanga. Nilimjibu kwa dakika arobaini. Wiki iliyofuata alileta karatasi aliyochora vipuri vya kiyoyozi kwa ngeli, kila kundi na umoja na wingi wake, nusu yake makosa matupu. Nimeitunza karatasi ile.

Hakuhitimu. Alifeli aljebra mara tatu, akaacha. Somo la jumla moja lilimfungulia dirisha, jingine likamfungia mlango, na yote mawili yalikuwa ya lazima kwenye prospektasi ileile.

Kwa hiyo nakubali, tena bila kinyongo, kwamba masharti haya yanaweza kugeuka lango la kuchujia watu. Wamarekani wenyewe wameligundua. Florida, kwa sheria ya mwaka 2013, iliwaondolea wanafunzi wengi ulazima wa kuanza na kozi za marudio zisizo na krediti. California ilifuata mwaka 2017 kwa sheria ya AB 705, iliyovitaka vyuo viangalie rekodi ya sekondari ya mwanafunzi na kumwingiza mapema kwenye hisabati ya ngazi ya chuo, ambayo kwa wengi sasa ni takwimu badala ya aljebra. Angalieni walichofanya: walibadili hisabati ipi na inaingiwaje. Hawakusema fundi hahitaji hesabu.

Nakubali pia kwamba kwetu hali ni mbaya kuliko tunavyoandika kwenye ripoti za ithibati. Ukumbi una wanafunzi mia nne na kipaza sauti kibovu. Madesa ni yaleyale yaliyotolewa nakala tangu kaka zao wasome, na nimeona moja lenye tarehe ya mtihani wa miaka tisa nyuma. Mtihani ni wa kuchagua a, b, c, d. Anayepita hivyo hajasoma maendeleo wala mawasiliano; amesoma herufi nne. Kama hilo ndilo mwenzetu anataka kulifuta, nitamshikia kifutio.

Ningeyapunguza basi. Moduli tatu zingetosha kwa miaka miwili. Ya kwanza ni hesabu na takwimu zinazotoka ndani ya fani: dozi kwa muuguzi, mzigo wa umeme kwa fundi, riba ya mkopo kwa wote. Ya pili ni jamii na dola, ikifundishwa kwa makundi ambayo mwalimu anaweza kuyajua majina. Ya tatu nimeibeba kwa miaka ishirini na wenzangu wamechoka nayo: insha. Mihula yote minne, ukurasa mmoja kila wiki, usomwe na mtu, urudishwe ukiwa na wino mwekundu. Na iwe kwa Kiswahili.

Najua mtakachosema. Lugha ya stashahada ni Kiingereza, mwajiri anataka Kiingereza, na nani atasahihisha kurasa zote hizo? Kuhusu Kiingereza, nimesahihisha kazi za Stadi za Mawasiliano kwa muda mrefu wa kutosha kujua kinachotokea: mwanafunzi anapigana na vitenzi hadi mwisho wa ukurasa, hapati nafasi ya kujiuliza kama hoja ya pili inafuata ya kwanza. Huyohuyo mpe Kiswahili, umwambie aiandikie kamati ya maji ya kijiji kwa nini pampu imekufa baada ya miezi sita, nani alipaswa kulainisha nini, na fedha za ukarabati zitoke wapi. Hapo hakuna pa kujificha. Ama ameelewa pampu, ama hajaielewa. Na barua hiyo ndiyo atakayoiandika kweli akiwa kazini Kilosa au Urambo, kwa watu watakaoisoma kwa sauti chini ya mti na kumuuliza maswali. Sekondari tayari wamethubutu: Historia ya Tanzania na Maadili ni somo la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili. Chuo kinaogopa nini?

Kuhusu usahihishaji sina jibu zuri. Ni kazi ya kuchosha na inahitaji walimu wengi zaidi. Nakiri pia kwamba hoja hii naipenda kuliko inavyostahili, na huenda ndiyo sababu sijaweza kuiacha hata baada ya kuipima upande huu na ule.

Kamati ya mitaala ya chuo hiki inapokea maoni hadi mwisho wa muhula. Anayetaka slaidi ya saba ibaki aandike, na anayetaka ifutwe aandike pia. Kurasa mbili, kwa Kiswahili. Mimi nitazisoma zote, na kalamu nyekundu ninayo.