Kumsikiliza Mwanamke Kabla ya Kumpatanisha na Mumewe

Hotuba ya mratibu wa huduma za afya kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, katika mkutano wa robo mwaka



Nimeombwa nizungumzie afya ya akina mama. Mara nyingi mada hii hutupeleka kwenye uzazi salama, malaria na lishe. Leo naomba tuangalie chanzo kimoja cha maradhi ambacho ni nadra kuandikwa kwenye daftari la zahanati, nacho ni ukatili anaotendewa mwanamke na mume au mwenza wake. Nitaeleza utafiti umeonyesha nini, kisha nitakuwa na ombi kwa kamati na ombi kwa wafadhili.

Takwimu za hapa kwetu

Wako wanaodhani kwamba habari hizi zimetoka ng'ambo. Ndugu zangu, zimetoka Dar es Salaam na Mbeya. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 10, ambamo wanawake zaidi ya 24,000 walihojiwa. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Hapa nchini kazi iliongozwa na Dk. Jessie Mbwambo wa Muhimbili, na wanawake zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa majumbani mwao.

Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza wao. Kati ya waliowahi kupata ujauzito, asilimia 7 Dar es Salaam na asilimia 12 Mbeya walipigwa wakiwa wajawazito. Takwimu hizo zina umri wa zaidi ya miaka 20 sasa, lakini hali haijageuka kiasi cha kutufanya tulale. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta nusu ya wanawake waliowahi kuolewa wamepatwa na ukatili wa mwenza, wa maneno, wa kipigo au wa kingono. Katika utafiti huo huo asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe. Wanaume waliokubali hivyo walikuwa asilimia 40. Hapo tunaona kwamba mzigo huu hauko mikononi mwa wanaume peke yao. Uko pia katika mafunzo tunayowapa mabinti zetu wanapokaribia kuolewa, pale tunapowaambia kwamba mvumilivu hula mbivu bila kuwaeleza uvumilivu unaishia wapi.

Madhara kwa afya

Mwaka 2008 watafiti wa kazi ile ya nchi 10 walichapisha katika jarida la kitabibu la The Lancet uchambuzi wa madhara kwa afya. Waliwauliza wanawake wote hali yao katika wiki nne zilizopita. Wale waliowahi kutendewa ukatili, hata kama ulitokea zamani, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba wanapata shida ya kutembea na kufanya kazi za kila siku, wana maumivu, kizunguzungu, kupoteza kumbukumbu na kutokwa uchafu ukeni. Walikuwa pia na huzuni nzito zaidi, na uwezekano wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa zaidi ya mara tatu ukilinganisha na wenzao.

Angalieni neno hili: hata kama ulitokea zamani. Jeraha linaonekana limepona, lakini mama anaendelea kurudi zahanati na kichwa kisichoisha kuuma. Anapewa panadol, anaandikiwa vipimo vya malaria, anarudi nyumbani. Muuguzi hakuuliza, naye hakusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu mama hafichi kwa ujinga. Anaficha kwa sababu amepima, akaona kusema kuna hatari kuliko kunyamaza.

Waliwezaje kusema?

Katika nchi zile 10, kati ya wanawake waliopigwa, walikuwepo kuanzia asilimia 21 hadi 66, kutegemea mahali, ambao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla ya siku ya mahojiano. Mtafiti alikuwa mtu wa kwanza kusikia. Na waliokuwa hawajawahi kwenda kwenye huduma rasmi wala kwa mtu mwenye mamlaka walikuwa kati ya asilimia 55 na 95.

Basi tujiulize: mgeni mwenye kalamu na karatasi aliambiwaje siri ambayo mama mzazi, dada na kiongozi wa jumuiya hawakuambiwa? Jibu liko katika masharti ambayo watafiti waliwekewa. Waliohoji walikuwa wanawake, nao walifundishwa kwa wiki tatu. Mama alihojiwa peke yake, bila mtu mwingine kusikia. Katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu. Utafiti haukutangazwa mtaani kuwa ni wa ukatili, ulitambulishwa kama utafiti wa afya na maisha ya wanawake, ili mume asije akamwadhibu mkewe kwa kushiriki. Mtu akiingia ghafla, mhojaji alibadilisha mazungumzo na kuuliza mambo mengine ya afya. Na kwa swali zito kuliko yote, la kudhalilishwa kingono utotoni, mama alipewa kadi yenye picha ya nyuso mbili, akaweka alama bila kutamka neno. Sehemu nyingi, walioweka alama kwenye kadi walikuwa wengi kuliko waliotamka kwa mdomo.

Masharti hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji faragha, siri, muda, na kumwamini mama kwamba anaijua hatari yake.

Na sisi tunafanyaje?

Sasa tuangalie utaratibu uliozoeleka kwetu. Mama anamweleza msimamizi wake wa ndoa kwamba anapigwa. Msimamizi anampelekea habari mwenyekiti wa jumuiya. Kikao kinaitishwa, mume anapewa taarifa, na siku ya kikao mama anaketishwa mbele ya wazee sita, mume akiwa ubavuni mwake. Anaambiwa, "Haya mama, eleza." Atasema nini? Anasema ni mambo madogo tu ya ndani. Wote wawili wanashauriwa kusameheana, tunasali, na katibu anaandika kwamba suala limekwisha. Usiku ule ule, nyumbani, mama anadaiwa gharama ya kutoa siri nje.

Sisemi kwamba upatanisho ni kosa. Ugomvi wa matumizi ya nyumbani, wa wakwe au wa malezi unaweza kusuluhishwa, na wazee wetu wameokoa ndoa nyingi. Lakini usuluhishi unahitaji pande mbili zinazoweza kusema kwa uhuru. Pale mmoja anapomwogopa mwenzake, kikao cha pamoja hakisuluhishi kitu. Kinampa mwenye nguvu taarifa, na kinamwonyesha mnyonge kwamba hata mlango huu umefungwa.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Sheria hiyo hiyo inatambua mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, yakiwemo yale yanayoundwa na jumuiya za dini. Kwa hiyo neno la wazee wa parokia lina uzito hata mbele ya mahakama. Mwenye uzito kama huo anatakiwa atembee taratibu.

Yaliyojaribiwa

Habari njema ni kwamba viongozi wa dini wanaweza kupunguza ukatili, na jambo hili limepimwa. Magharibi mwa Uganda, viongozi wa dini 140 na wanandoa 1,680 walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Viongozi walifundishwa kuongoza vipindi 12 vya mazungumzo na wanandoa kuhusu mawasiliano, fedha za nyumbani na kugawana madaraka. Ukilinganisha na wale waliokuwa bado hawajapewa mafunzo hayo, ukatili ulipungua kwa pointi tano za asilimia. Si muujiza, lakini ni nyumba nyingi.

Kwetu Mwanza, katika utafiti wa MAISHA, wanawake waliokuwa kwenye vikundi 66 vya mikopo waligawanywa kwa kura. Nusu ya vikundi walipata vipindi 10 vya mafunzo kuhusu mahusiano na ukatili, na nusu wakasubiri. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kipigo kilipungua kwa waliofundishwa, lakini ukatili wa kingono haukuonyesha kupungua bayana. Jaribio la pili, lililotumia vikundi vipya visivyo vya mikopo, lilibadilisha mitazamo ya wanawake lakini ukatili wenyewe haukuonekana kupungua. Nayasema haya mbele ya wafadhili kwa makusudi. Semina peke yake haitoshi, na anayeahidi kwamba mafunzo ya siku mbili yatamaliza tatizo asiaminiwe haraka.

Ombi kwa kamati za parokia

Kwanza, kila parokia iteue akina mama wawili au watatu wanaoaminika kwa kutunza siri, wafundishwe kusikiliza, na majina yao yajulikane kwa akina mama wote.

Pili, anayelalamika kupigwa asikilizwe peke yake kwanza. Mume asiitwe, wala habari zisifikishwe kwenye jumuiya, mpaka mama mwenyewe akubali.

Tatu, aulizwe maswali mawili kabla ya mengine yote: je, leo ni salama kurudi nyumbani? Na watoto je?

Nne, aliyejeruhiwa asindikizwe kituo cha afya na polisi kwa ajili ya fomu ya PF3, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kama akitaka. Aliyebakwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwani baada ya hapo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi.

Tano, mafundisho ya ndoa yaseme waziwazi, wachumba wote wawili wakiwepo, kwamba kipigo si sehemu ya ndoa. Wanaume wafundishwe na wanaume wenzao.

Ombi kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, mmezoea kupokea taarifa zenye idadi ya semina zilizofanyika na ndoa zilizopatanishwa. Naomba idadi ya ndoa zilizopatanishwa isihesabiwe tena kuwa mafanikio, kwa sababu hatujui ndani ya hesabu hiyo wako akina mama wangapi waliorudishwa kwenye kipigo. Tusaidieni kwa vitu visivyopendeza kwenye picha: chumba chenye mlango unaofungwa pale zahanati, nauli ya anayesindikizwa, mafunzo ya wauguzi yanayorudiwa kila mwaka.

Na mkumbuke jambo moja zaidi. Parokia ikianza kusikiliza vizuri, malalamiko yataongezeka mwaka wa kwanza. Msiseme mradi umeshindwa. Hao ni akina mama waliokuwepo siku zote, ila sasa wamepata mtu wa kumwambia. Tutakapoleta taarifa ya aina hiyo, isomeni kwa moyo huo, nanyi ndugu wa kamati msione haya kuiandika.