Masikio Yanayosikia: Kwaya Yetu na Muziki wa Jazi
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Yubilei ya Miaka 25



Tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Waanzilishi wa kwaya hii walitufundisha kuimba kwa solfa, sauti nne, bila chombo chochote. Msingi huo ndio umetufikisha hapa. Leo tungependa kuwaeleza kwa nini tumeanza kujifunza kodi za jazi kila Jumamosi, na kwa nini tunaomba mtuunge mkono. (Kodi hii si ile ya serikali. Ni sauti kadhaa zinazopigwa au kuimbwa pamoja.)

Tuseme ukweli. Vijana watatu waliojifunzia kinanda humu kanisani sasa wanapiga kwingine. Walitaka kukua, nasi tulikuwa tumebaki na kodi tatu zile zile. Isitoshe, kinanda kisipokuwepo, au stima ikipotea, wengi wetu hupoteza sauti zetu. Tumezoea kuegemea chombo badala ya masikio.

Tumeanza na masikio, basi. Kwa nusu saa kinanda kinazimwa. Besi wanashika d, wengine wanaongeza m, kisha s, kisha t juu yake. Hiyo t mwanzoni huwasha kidogo masikioni, lakini ukiivumilia utasikia utamu wake. Tunajifunza pia kwamba kila sauti ina mahali inapopenda kwenda: f hupenda kushuka kwa m, na t hupenda kupanda kwa d. Anayelisikia hilo hahitaji kukisia.

Kisha tunaunganisha kodi tatu ambazo utazikuta katika nyimbo nyingi sana za jazi. Jaribuni nyumbani:

Sauti ya kwanza: l – l – s
Sauti ya pili: d – t – t
Sauti ya tatu: f – f – m
Besi: r – s – d

Tazameni jinsi sauti za juu zinavyosogea kidogo tu. Sauti ya pili inashuka hatua ndogo moja na kutulia. Ya tatu inangoja, kisha nayo inashuka hatua ndogo. Ni besi peke yao wanaoruka. Ndiyo sababu muziki huu unasikika mgumu lakini haumchoshi mwimbaji, mradi kila mtu amsikilize jirani yake. Hapo hakuna nafasi ya mtu kupiga kelele ili aonekane.

Na kubuni papo hapo? Hilo si geni kwetu. Kina mama wetu wanapoongoza pambio, kiongozi huita, sisi huitikia, naye kila mara hubadilisha kidogo. Tumeliwekea utaratibu tu: kwanza ujue wimbo wenyewe kikamilifu; pili ubadilishe mdundo kabla ya kubadilisha noti; tatu utumie noti za kodi inayopigwa; nne unyamaze kidogo, wengine wapumue. Kila mmoja hupewa mizunguko minne, kisha anarudi kwa wenzake.

Wazee wametuuliza, na wana haki: Je, huu si muziki wa vilabuni? Tunawajibu kwa heshima. Thomas Dorsey, mwana wa mhubiri, aliyezaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1899, alipiga piano ya bluzi akimsindikiza Ma Rainey. Baadhi ya makanisa yaliukataa mtindo wake. Mwaka 1932 alifiwa na mkewe pamoja na mtoto wao mchanga, na katika msiba huo akatunga "Take My Hand, Precious Lord". Leo wengi humwita baba wa muziki wa injili. Duke Ellington alifanya tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu katika Grace Cathedral, San Francisco, mwaka 1965. Mwaka 1975 misa ya jazi ya Mary Lou Williams ilisikika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Kwa hiyo kodi yenyewe haina dhambi. La kuuliza ni inamtumikia nani.

Hata hivyo, hofu ya wazee ina hekima ndani yake. Kwaya inaweza kupamba wimbo hadi washarika wakabaki watazamaji. Kwa sababu hiyo tumekubaliana: ubeti wa kwanza na kiitikio vitaimbwa kama vilivyo, kanisa zima pamoja. Mapambo yatakuja kwenye marudio, na maneno lazima yasikike. Siku mtakaposhindwa kuimba pamoja nasi, tuambieni.

Ombi letu ni dogo. Wazazi, waruhusuni vijana wabaki saa moja zaidi Jumamosi. Waanzilishi wetu, njoeni mkae nasi, kwa maana masikio yenu yalifunzwa bila kinanda, na hicho ndicho tunachokitafuta. Nanyi mliohamia kwingine, mlango uko wazi. Sasa kuna la kupiga.

Tunataka watakaosherehekea miaka 50 wakute kwaya ambayo stima ikipotea, wimbo unaendelea.