Gari Likitoka Sevisi na Kasoro Ileile: Hotuba Kuhusu Haki za Wateja



Wengi wetu hapa riziki yetu ni gari: matatu, teksi, pikapu ya kupeleka mboga sokoni. Gari likitoka sevisi na breki bado mbovu, hiyo ni hasara, tena ni hatari kwa abiria. Lisirudi barabarani, na usikubali kulipia kazi ileile mara mbili.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Nayo Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inasema bili isipite makadirio mliyokubaliana kwa zaidi ya asilimia 10.

Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Kabla ya kuacha ufunguo, pata makadirio kwa maandishi. Tunza risiti, na uombe spea kuukuu zilizotolewa. Kasoro ikijitokeza, usikimbilie gereji nyingine. Kwanza mwandikie meneja wa kampuni iliyolihudumia gari, mpe tarehe ya kujibu, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Asipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani nchini Kenya, au udai fidia katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.